Bonasi za kujiunga na jeshi la Marekani: ahadi inavunjika wapi hasa, mdomoni mwa msajili au kwenye karatasi?

#1 Kalamu Nyeusi

Habari wakuu.

Kila uzi wa kijana mwenye grinikadi anayetaka kuingia jeshi la Marekani huishia pale pale: "wanaahidi bonasi halafu hawatoi." Leo tujadili hili kwa karatasi mkononi. Hoja yangu ni kwamba jeshi lile kwa kawaida hulipa kilichoandikwa. Kinachokufa ni kile alichokisema msajili kwa mdomo, na hufa siku ile kuruta anapotia saini, kwa mkono wake mwenyewe.

Mkataba unaitwa fomu DD 4, na ni uleule kwa matawi yote. Kifungu cha 8 ndicho moyo wake. Kinasema makubaliano yaliyomo humo pamoja na viambatisho vilivyotajwa ndiyo ahadi zote za Serikali, na chochote kingine ulichoahidiwa na mtu yeyote si halali na hakitatekelezwa. Sentensi hiyo imechapwa kwa herufi kubwa. Bonasi, fani, kulipiwa mkopo wa chuo, vyote hukaa kwenye viambatisho. Kiambatisho kisipokuwepo bonasi haipo, hata kama msajili alikuonyesha bango lenye tarakimu.

Mwenye kesi ya bonasi iliyoandikwa, masharti yote yakatimizwa na bado haikulipwa, aiweke hapa.

#2 Mkoba Wazi

Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 Shangazi Rehema

Mleta mada, umesoma kifungu cha 8 ukafunga kitabu. Endelea mpaka cha 9. Hapo kuruta anakubali kwamba sheria na kanuni za wanajeshi zinaweza kubadilika bila yeye kuarifiwa, na mabadiliko hayo yanaweza kugusa hadhi yake, mshahara, posho, marupurupu na wajibu wake bila kujali mkataba unasemaje. Kuruta akikiuka anakabiliwa na sheria ya kijeshi. Serikali ikibadilisha, ni kanuni mpya tu imetoka. Mkataba wa namna hiyo kwa mwenye duka ungechekwa.

Kisha kifungu cha 10. Anayeingia mara ya kwanza anabeba wajibu wa miaka 8 kwa jumla. Akisaini minne ya kazi, minne inayobaki anakaa kwenye akiba na anaweza kuitwa. Vijana wanapima bonasi kwa miaka 4 wakati walichouza ni 8.

#4 Fundi Karatasi

Shangazi kamaliza kuhusu vifungu. Mimi niongeze namna kazi inavyokwenda, maana wengi hawajui nani mwenye mamlaka ya nini.

Msajili wa mtaani hana uwezo wa kutoa fani wala bonasi. Kazi yake ni kukufikisha MEPS, kituo cha kupimwa na kuandikishwa. Huko unafanya mtihani wa ASVAB kama bado, unapimwa afya, halafu unaketi mbele ya mshauri wa kazi. Kwa jeshi la nchi kavu, mshauri huyo ndiye anayefungua mfumo wa REQUEST na kuona nafasi zinazolingana na alama zako, tarehe za kuondoka, na bonasi iliyoambatana na kila nafasi siku hiyo. Orodha ya bonasi hubadilishwa mara kwa mara. Msajili aliyekutajia 20,000 mwezi uliopita huenda alisema kweli ya mwezi uliopita.

Halafu saini ni mbili, si moja. Ya kwanza inakuingiza DEP, mpango wa kusubiri, ambao unaweza kufika siku 365. Ya pili ni siku ya kuondoka kwenda mafunzoni: unarudi MEPS, unasaini tena DD 4 sehemu ya kuingia jeshini rasmi, na viambatisho vinaweza kuandaliwa upya. Hapa ndipo bonasi nyingi hupotelea. Tarehe ilisogezwa kwa sababu ya kibali cha afya, fani ikabadilishwa, kiambatisho kipya kikatoka bila mstari wa bonasi, na kuruta ana begi mkononi na gari linamsubiri. Anasaini.

Dawa yake: nenda siku ya pili ukiwa na nakala ya viambatisho vya siku ya kwanza, uvilinganishe mstari kwa mstari. Kifungu cha 8 kinataja viambatisho kwa herufi na idadi ya kurasa. Herufi ikipungua au kurasa zikipungua, usisaini mpaka upewe maelezo na karatasi irekebishwe. Kabla ya saini ile ya pili bado wewe ni raia na unaweza kuondoka.

#5 Ngalawa Mpya

Mnasema vifungu bila tarakimu. Januari 2022 jeshi la nchi kavu lilitangaza bonasi ya hadi dola 50,000 kwa mkataba wa miaka 6. Kilele cha awali kilikuwa 40,000. Juni mwaka ule wakatangaza 35,000 kwa atakayekubali kuondoka ndani ya siku 45. Mwaka ule wa fedha walitaka watu 60,000 wakapata kama 45,000, kwa hiyo hazina ilifunguka.

Ile 50,000 hujengwa kwa vipande: kipande cha fani yenye uhaba, kipande cha kuondoka haraka, kipande cha urefu wa mkataba. Anayesaini miaka 3 kwa fani isiyo na uhaba anaweza kupata sifuri, na tangazo halikusema uongo. Kipande cha kuondoka haraka ndicho dhaifu kuliko vyote. Ukichelewa kwa ugonjwa, kwa karatasi za polisi, kwa sababu yoyote, kinakatika, vingine vinabaki.

Na kodi wengi hawaihesabu. Kodi ya mapato ya Serikali Kuu hukatwa asilimia 22 juu kwa juu kwenye bonasi. 20,000 inaingia benki ikiwa 15,600, na majimbo mengine yanakata yao. Unaipata ukimaliza mafunzo ya awali.

#6 Tausi wa Pwani

Ngalawa, tarakimu ziko sawa ila hilo la mwisho litapotosha watu. Kumaliza mafunzo ya awali hakutoshi. Kwa jeshi la nchi kavu lazima umalize na mafunzo ya fani, upewe fani yenyewe, na ufike kituo cha kwanza cha kazi. Hapo ndipo malipo ya kwanza huanzishwa, na bonasi kubwa hugawanywa, sehemu mwanzoni na iliyobaki kila mwaka kwenye kumbukumbu ya mkataba. Fani zenye mafunzo marefu, lugha kwa mfano, zinamaanisha mwaka mzima na zaidi bila kuona senti.

Malipo hayajianzishi yenyewe kila mara. Unafika kitengo kipya, unakwenda ofisi ya utumishi na DD 4, kiambatisho chenye bonasi, cheti cha kumaliza fani na amri ya kupangiwa kituo. Wakisema "itaingia tu", omba jina la aliyepokea na tarehe. Bonasi iliyochelewa mwaka si lazima iwe imekataliwa, mara nyingi haijafunguliwa na mtu yeyote.

#7 Komredi Tuju

Mleta mada aliomba kesi ya bonasi iliyoandikwa. Mimi namletea iliyoandikwa, ikalipwa, kisha ikadaiwa irudi. Walinzi wa Taifa (National Guard, jeshi la akiba la majimbo) wa California. Oktoba 2016 gazeti la Los Angeles Times liliandika kwamba karibu askari 10,000 walitakiwa kurejesha bonasi walizopewa miaka kama kumi nyuma, wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan. Wengi walipewa dola 15,000 au zaidi, wakaenda vitani, wakarudi, ndipo wakakuta barua za deni pamoja na riba na makato ya mshahara. Hapo kifungu cha 8 kilimsaidia nani? Ikabidi Obama awafutie wote.

#8 Shangazi Rehema

Komredi, mwisho wa habari umeukata mfupi. Hakuna aliyefutiwa wote kwa mkupuo. Tarehe 26 Oktoba 2016 Waziri wa Ulinzi Ash Carter alisimamisha ukusanyaji na kuagiza utaratibu wa kupitia kila kesi, umalizike ifikapo 1 Julai 2017. Walioonekana walijua hawastahili waliweza kubaki na deni.

Na chanzo tukitaje. Meneja wa bonasi wa Walinzi wale alikiri mwaka 2011 kuwasilisha madai ya uongo ya dola milioni 15.2, akafungwa miezi 30. Shinikizo la kufikia idadi lilitoka juu, karatasi zikapitishwa bila kukaguliwa, deni likamwangukia askari wa chini.

#9 Fundi Karatasi

Na kwa Walinzi wa Taifa kuna kidude kimoja kinachoua bonasi kimyakimya: namba ya udhibiti wa bonasi, BCN. Kila bonasi inatakiwa iombewe namba hiyo kwenye mfumo kabla ya saini. Afisa akiomba namba kesho yake, au akiandika kiambatisho chenye toleo lililokwisha muda, au saini ya shahidi ikiwa na tarehe tofauti na ya askari, mkaguzi anayepitia faili miaka kadhaa baadaye anatangaza bonasi batili. Askari hakukosea chochote. Hakujua hata kama namba hiyo ipo.

Kwa hiyo anayesaini Walinzi wa Taifa akague mambo matatu papo hapo: BCN imeandikwa kwenye kiambatisho, tarehe za saini zote zinalingana na tarehe ya DD 4, na namba ya fani kwenye kiambatisho ndiyo ile ya nafasi aliyopangiwa kitengoni. Namba ya fani ikitofautiana na nafasi, huo ni ugomvi wa baadaye.

#10 Kalamu Nyeusi

Fundi na Komredi, nawashukuru. Lakini mnanipa nguvu. Kesi za California zimetokana na karatasi mbovu, karatasi ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Bado nasema: karatasi safi hulipwa.

#11 Mkoba Wazi

Mleta mada kasimama kwenye karatasi yake kama mlinzi wa geti, haingii mtu. 😄

Swali: karatasi safi atajuaje kuruta wa miaka 18?

#12 Bint Hamisi

Mnajadili pesa tu. Kwa watu wetu ahadi kubwa ni uraia, na huko maumivu yamekuwa makubwa kuliko bonasi.

Kulikuwa na mpango wa MAVNI ulioanza mwishoni mwa 2008. Uliwachukua watu wasio na grinikadi lakini wenye viza halali, kama wana taaluma ya afya au lugha adimu. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Ahadi ilikuwa uraia wa haraka. Zaidi ya watu 10,000 waliandikishwa kwa njia hiyo. Masharti ya upekuzi yakaongezwa, mwaka 2016 mpango ukasimamishwa, na waliokwisha kusaini wakabaki wananing'inia, hawaruhusiwi kwenda mafunzoni huku viza zao zikiisha. Wapo walioachishwa kimya kimya. Ikafika mahakamani, na mojawapo ya kesi za 2017 ni ya Kirwa dhidi ya Wizara ya Ulinzi.

Mleta mada, hao walikuwa na karatasi.

#13 Ngalawa Mpya

Bint Hamisi yuko sahihi, na niongeze utaratibu maana wapo wanaosoma wakiwa na grinikadi sasa hivi.

Kula kiapo cha jeshi hakukufanyi raia. Msajili akikuambia "ukiapa tu umekuwa Mmarekani" anakudanganya. Uraia huombwa kwa fomu N-400, na pamoja nayo N-426, ambayo jeshi linathibitisha kwamba unatumikia kwa heshima. Ada ya N-400 kwa mwanajeshi haipo. Kwa kuwa kipindi tangu 11 Septemba 2001 kimetangazwa rasmi kuwa cha uhasama, huhitaji kusubiri ule mwaka mmoja unaotakiwa wakati wa amani.

Shida ilikuwa N-426. Oktoba 2017 Wizara iliweka sharti la siku 180 za utumishi kabla ya kuithibitisha. Agosti 2020, kwenye kesi ya Samma, hakimu akalitupa sharti hilo. Mfano mzuri wa alichosema Shangazi: sheria ya uraia haikubadilika, saini ya ofisa kwenye fomu moja ndiyo iliyozuiwa.

Kingine, ukipata uraia kwa njia hii halafu ukaachishwa bila heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi, uraia unaweza kunyang'anywa. Hilo silo la kwenye bango.

#14 Tausi wa Pwani

Na fani. Mwenye grinikadi hapewi kibali cha usalama cha kawaida, kwa hiyo ujasusi, mawasiliano ya siri na nyingi za kompyuta zimefungwa mpaka awe raia. Akiambiwa "chukua hii sasa, ukipata uraia utahamishiwa ile", aulize hilo limeandikwa kiambatisho gani. Halimo.

Matawi hutofautiana pia. Jeshi la nchi kavu linaweza kukuandikia fani moja kwa namba yake. Marine mara nyingi huandika kundi la fani, na ndani ya kundi wao ndio wanaochagua. Jeshi la Anga linaweza kukuingiza kwa eneo la vipaji tu, mitambo, utawala, jumla au umeme, fani ukaijua ukiwa mafunzoni. Anayesema "nilisaini kazi ya ndege nikapewa stoo" huenda alisaini kundi.

#15 Chui Mweupe

Nimesoma hadi hapa, hakuna aliyegusa upande wa kuruta mwenyewe. Ahadi huvunjwa na pande mbili. Karatasi ya afya inauliza pumu baada ya kutimiza miaka 13, dawa za msongo, upasuaji. Msajili anasema "jibu hapana kila mahali". Kijana anajibu hapana. Zamani ilipita. Tangu Machi 2022 vituo vya MEPS vinatumia mfumo wa Genesis, unaovuta kumbukumbu za hospitali na dawa ulizoandikiwa. Kinachojitokeza huko kinakurudisha nyumbani. Kikijitokeza baada ya kuapa kinaitwa kujiandikisha kwa udanganyifu, kifungu 104a cha sheria ya kijeshi, na bonasi inadaiwa.

Aliyekushauri uongo naye ana kosa lake, 104b. Ila aliyeweka saini chini ya swali ni wewe, na ushauri wake haukuandikwa popote.

#16 Shangazi Rehema

Chui, nakubali nusu. Kijana wa miaka 18 mbele ya mtu mwenye sare na nishani, unategemea ambishie? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti Agosti 2006 kwamba malalamiko dhidi ya wasajili yalipanda kutoka 4,400 mwaka wa fedha 2004 hadi 6,500 mwaka 2005, na yaliyothibitishwa kutoka zaidi kidogo ya 400 hadi karibu 630. Ni vita vya Iraq hivyo, idadi haitimii, msajili anapimwa kwa vichwa alivyoleta mwezi huo. Tarehe 20 Mei 2005 jeshi la nchi kavu lilisimamisha usajili nchi nzima siku moja ili kuwakumbusha wasajili maadili. Kwangu mzizi ni lengo la mwezi.

#17 Chui Mweupe

Lengo la mwezi lipo hata kwa wauza bima. Halimlazimishi mtu kusema uongo, wala halimlazimishi mwingine kuusaini.

#18 Mkoba Wazi

Aliye DEP na kabadili mawazo? Nasikia wanatishwa jela.

#19 Fundi Karatasi

Tishio tupu. Aliye DEP hajaingia jeshini. Anaandika barua fupi kwa kamanda wa usajili wa eneo: jina, tarehe aliyoingia DEP, kwamba anaomba kuondolewa, na sababu moja. Anaituma kwa posta yenye risiti na kubaki na nakala. Hatakiwi kwenda ofisini kujieleza, na siku ya kuondoka asipande gari la msajili "kwenda kumaliza makaratasi MEPS". Anachopoteza ni nafasi na bonasi iliyokuwa imeshikiliwa.

Hili lina faida nyingine. Karatasi ikibadilishwa kama nilivyosema #4, huu ndio ubavu wako. Baada ya saini ya pili ubavu huo umekwisha.

#20 Komredi Tuju

Historia yao yote ni hii. Mwaka 1924 Bunge liliwapa maveterani wa Vita ya Kwanza vyeti vya fidia, dola 1 kwa siku ya utumishi nyumbani na 1.25 kwa siku ya ng'ambo, viive 1945. Njaa ya mdororo ikawafika, 1932 wakaandamana hadi Washington na familia zao wakidai walipwe mapema. Tarehe 28 Julai Jenerali MacArthur akawaondoa kwa askari na vifaru, mabanda yao yakachomwa. Walilipwa 1936, baada ya Bunge kupindua kura ya turufu ya Rais Roosevelt.

#21 Ngalawa Mpya

Komredi ukimwacha kidogo anaturudisha 1932. Uzi ukifika #30 tutakuwa na George Washington. 😄

#22 Komredi Tuju

Naye yumo! 1776, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, askari wa kawaida wa jeshi lake (Continental Army) waliahidiwa ekari 100 kila mmoja wakitumikia hadi mwisho wa vita. Lakini mfano mkali zaidi ni Wafilipino waliopigana chini ya bendera ya Marekani Vita ya Pili. Februari 1946 sheria ikasema utumishi wao hauhesabiwi kwa mafao mengi ya maveterani. Malipo yalikuja 2009: 15,000 kwa aliye raia wa Marekani, 9,000 kwa asiye raia. Miaka 63, wengi wameshazikwa. Mleta mada, karatasi safi ile ilifutwa na karatasi nyingine.

#23 Kalamu Nyeusi

Hapo Komredi umenibana vizuri kuliko California. Ila hizo ni sheria za Bunge, sizo bonasi za mkataba. Mahakama zinatofautisha. Mwaka 1977, kesi ya Larionoff: mabaharia walikubali kuongeza muda wa mkataba wakati bonasi fulani ipo, kabla nyongeza haijaanza Bunge likaifuta 1974. Mahakama ya Juu ikaamuru walipwe. Huo ni ushindi wa karatasi.

#24 Shangazi Rehema

Larionoff walishinda kwa kuwa Mahakama iliona Bunge halikukusudia kuwanyima waliokwisha kukubali. Bunge lingesema waziwazi "nao pia", je? Soma uamuzi huohuo, unasema Bunge linaweza kupunguza malipo ya mbele ya wanajeshi. Na kwenye kesi ya Bell, 1961, Mahakama hiyohiyo ilisema kanuni za mikataba ya kawaida hazina nafasi kwenye malipo ya jeshi.

Halafu kuna kesi ya Schism, Novemba 2002. Maofisa wastaafu wa Jeshi la Anga walioingia zamani wakiahidiwa na wasajili matibabu ya bure maisha yao yote, wao na wake zao, wakitumikia miaka 20. Wametumikia. Wakitimiza 65 wakaambiwa hapana. Serikali haikukataa kwamba ahadi ilitolewa kwa nia njema na kwamba maveterani waliiamini. Mahakama ya Rufaa ikasema aliyeahidi hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuahidi. Kwa hiyo hata msajili mkweli anaweza kukuahidi kitu hewa.

#25 Bint Hamisi

Hii Schism naona ndiyo jibu la #11. Kuruta hawezi kujua mamlaka ya aliye mbele yake.

Naomba mtu aeleze mkopo wa chuo, wengi wanaingia kwa hilo.

#26 Tausi wa Pwani

Mpango wa kulipiwa mkopo, jeshi la nchi kavu: hadi dola 65,000 kwa walio kazini moja kwa moja. Kila mwaka unaomaliza wanalipa theluthi moja ya deni la msingi au dola 1,500, ipi kubwa. Mitego iko hivi. Wanalipa mikopo ya Serikali Kuu iliyokuwepo kabla ya kuingia, ya benki binafsi hapana. Mkopo usiwe umeshindikana kulipwa. Riba juu yako. Malipo hukatwa kodi, kwa hiyo wakitoa 10,000 kilichomfikia mkopeshaji ni pungufu. Na miaka mitatu inayohesabiwa kwa mpango huu haihesabiwi kwa GI Bill ya baada ya 9/11, yaani mafao ya kulipiwa masomo, ambayo inahitaji miezi 36 kupata asilimia 100. Mwenye mkopo wa 12,000 akichagua mpango huu kwenye mkataba wa miaka 3 amebadilisha masomo ya miezi 36 kwa 12,000. Washauri wachache humfanyia kuruta hesabu hiyo mezani.

GI Bill yenyewe inataka uachishwe kwa heshima kamili. Cheti cha "jumla, chini ya masharti ya heshima" hakitoshi, ingawa jina lake linafanana.

#27 Mkoba Wazi

Na akiachishwa katikati, deni hukokotolewaje?

#28 Ngalawa Mpya

Kwa sehemu isiyotumikiwa. Bonasi 20,000, mkataba miezi 48, umelipwa yote, umeachishwa kwa utovu wa nidhamu mwezi wa 18. Ulichokichuma ni 18 kwa 48, yaani 7,500. Unadaiwa 12,500. Ikiwa ulilipwa mwaka wa kodi uliopita, wanadai jumla kabla ya kodi, ingawa ile asilimia 22 hukuiona. Deni la zaidi ya 3,000 la namna hiyo lina nafuu kwenye marejesho ya kodi, kifungu cha 1341 cha sheria ya kodi. Tafuta mtaalamu wa kodi, usikiache.

Sheria ya kurejesha bonasi ni kifungu cha 373 cha juzuu ya 37 ya sheria za Marekani. Kufilisika mahakamani hakufuti deni hilo kama amri imetoka kabla ya miaka 5 tangu utumishi ukome. Kufariki au kupata ulemavu usiotokana na kosa lako kunakutoa kwenye marejesho. Baadhi ya waliojeruhiwa Iraq walitumiwa barua za madai kabla haijawekwa wazi hivyo, 2007 ikawa kelele kubwa.

Kupoteza fani nako kunagusa bonasi. Ukifeli mafunzo ya fani, unapangiwa kulingana na mahitaji ya jeshi, muda wa mkataba unabaki uleule, bonasi ya fani ile inakwenda.

#29 Fundi Karatasi

Kwa ambaye limeshamkuta. Ukiwa bado kazini, anza ofisi ya utumishi kwa maandishi, kisha Mkaguzi Mkuu kwa fomu DA 1559. Ofisa aliyekukosea asiporekebisha, kuna malalamiko ya kifungu 138 cha sheria ya kijeshi. Mbunge wa eneo lako naye anaweza kuuliza jeshi. Ofisi yake itataka usaini ruhusa ya kutoa taarifa zako, na barua yake hujibiwa haraka kuliko yako.

Barua ya deni ikifika, angalia aina. Kama walikulipa kimakosa, omba usamehewe kwa DD 2789. Kama ni deni halali lakini lisilo la haki, omba lifutwe kwa DA 3508. Usikae kimya, kimya kinaongeza riba.

Karatasi yenyewe ikiwa na kosa, ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu, ABCMR kwa jeshi la nchi kavu, fomu DD 149, ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji. Maombi mengi huangushwa na upungufu wa ushahidi. Wanaandika "msajili aliniahidi" basi. Kinachoshika ni orodha rasmi ya bonasi ya siku uliyosaini ikionyesha fani yako ilikuwa na bonasi, uchapisho wa nafasi uliyopewa, na ujumbe au barua pepe ya msajili yenye tarakimu na tarehe. Bodi inaweza kurekebisha kosa la Serikali la kuacha kiambatisho. Haiwezi kuumba bonasi ambayo siku ile haikuwepo.

#30 Kalamu Nyeusi

Fundi, mstari wako wa mwisho ndio hoja yangu ya #1. Ilikuwepo au haikuwepo, na karatasi ndiyo inayoamua.

#31 Shangazi Rehema

Na karatasi inaandaliwa na nani? Na upande upi. Kabla hujatangaza ushindi, uwajibu wale wa California, wale wa MAVNI na Wafilipino. Hao watatu bado wanakusubiri.

#32 Chui Mweupe

Mimi bado niko na kuruta aliyejibu "hapana" kwenye pumu. Hakuna aliyenijibu.

#33 Bint Hamisi

Chui, nakujibu: ndiyo, alikosea. Sasa wewe nijibu kwa nini 104a inasikika kila siku na 104b hatuisikii.

Wakati unatafuta jibu, mwenye nakala ya kiambatisho cha DA 3286 cha hivi karibuni aifute majina na namba zake, aiweke tuipitie mstari kwa mstari. Kuna kijana kaniandikia pembeni, anakwenda MEPS Alhamisi.